Mbwa anatapika na kuharisha kwa vipindi, naambiwa vipimo viko safi. Nianzie wapi?

mama_tausi

Habari zenu wakuu, naombeni mawazo maana hapa nimegonga mwamba. Nina mbwa jike anaitwa Tausi, ana miaka minne, mchanganyiko tu sio wa mbegu maalum, alikuwa na kilo 21 sasa hivi amebaki na 18. Shida yake ni tumbo lakini sio tumbo la kila siku, linakuja na kuondoka. Yaani anaweza kukaa vizuri kabisa, anakula, anakimbiza paka, anabweka mpaka unamwambia nyamaza, halafu asubuhi moja anaamka hana raha, chakula anakinusa na kugeuka, anatapika povu la njano, anaharisha, analegea mpaka miguu ya nyuma inatetemeka. Nampeleka kwa dokta, anawekewa dripu na sindano mbili, kesho yake mbwa mwingine kabisa utadhani alikuwa anaigiza. Baada ya muda inajirudia.

Tumeshapima. Kinyesi kiliwekwa kwenye darubini wakasema hakuna kitu. Damu wakasema ini zuri, figo nzuri, urea tu imepanda kidogo kwa sababu alikuwa ameishiwa maji. Parvo, ule ugonjwa wa virusi wa kuharisha, hana na chanjo zote anazo. Ultrasaundi hawakuona kitu kilichokwama. Minyoo namtibu kila miezi mitatu bila kukosa. Amepewa metronidazole, ile antibiotiki ya tumbo, zaidi ya mara moja, akiwa anakunywa anakuwa afadhali, akimaliza tunarudi palepale. Chakula nimebadilisha cha kuku, cha samaki, kile cha matumbo laini, naona hakuna tofauti ya maana.

Dokta wetu ni mtu mzuri tu lakini mara ya mwisho ameniambia "huyu ana tumbo jepesi, ndivyo alivyo". Mimi hilo silikubali, mbwa aliyekuwa sawa miaka mitatu hawezi tu kuamka siku moja akawa na tumbo jepesi na kupungua kilo tatu. Kuna mtu amepitia hii? Naanzia wapi kutafuta?

Shani_k

pole sn dada, hiyo ni ngano tu usihangaike, hivi vyakula vya pakiti vimejaa ngano na mahindi, mpe nyama tupu utanishukuru. na akizidi kuharisha mpe nusu kidonge cha binadamu cha kufunga tumbo, mi huwa natumia

mzee_mkia

Shani mwanangu, hapo kwenye kidonge cha binadamu tusimame kidogo. Loperamide, ndiyo hiyo ya kufunga tumbo, kuna mbwa haiwafai kabisa, hasa jamii ya Collie na ndugu zake, wana hitilafu ya jeni inayoitwa MDR1 na dawa inapenya mpaka kwenye ubongo. Na hata asiye na jeni hiyo, kama tumboni kuna sumu au maambukizi unamfungia mlango yakae ndani. Dawa za maumivu za watu ndio kabisa, ibuprofen na diclofenac zinatoboa tumbo la mbwa na kuua figo. Nimeanza na hili kwa sababu watu wanasoma uzi juu juu na kukimbilia kabatini.

Sasa mama Tausi. Umeeleza vizuri lakini kuna mambo mawili sijayaona na bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

La kwanza, anatapika au anacheua? Watu wengi wanaviita vyote kutapika. Anayetapika utamwona kabla, anajilamba, mate yanamjaa, tumbo linabana na kusukuma ndipo kitu kinatoka. Anayecheua anainamisha kichwa tu na chakula kinamwagika kama kilivyoingia, hakuna kusukuma. Wa kucheua shida yake iko kwenye koo la chakula na huyo anahitaji eksirei ya kifua, hata ukimbadilishia chakula mara mia hutafika. Hilo povu la njano ni nyongo kwa hiyo nahisi anatapika kweli, ila angalia kwa macho yako.

La pili na ndio kubwa, kinyesi chenyewe kikoje? Usione aibu kukiangalia, ndio barua yenyewe hiyo. Utumbo mwembamba ukiumwa anatoa kingi kwa mkupuo, mara mbili tatu kwa siku, mbwa anakonda, na kama kuna damu inakuwa nyeusi kama lami kwa sababu imeshasagwa njiani. Utumbo mpana ukiumwa anatoka mara nyingi, anachuchumaa na kujikamua, kinatoka kidogo, kina ute, na damu ikiwepo ni nyekundu mbichi. Hiyo peke yake inagawa njia mbili tofauti kabisa za kutafuta.

Chukua daftari. Kila siku andika amekula nini na saa ngapi, katapika muda gani na umbali gani kutoka mlo, kinyesi kikoje (piga picha, dokta hatashangaa), na jambo lolote lisilo la kawaida siku hiyo au ya nyuma yake, wageni, safari, radi, amechimba wapi, ameokota nini. Ugonjwa wa kuja na kuondoka unajificha kwa sababu siku ya kwenda kwa dokta unaeleza unachokumbuka, na unachokumbuka ni siku mbaya tu.

Na ukiona tumbo limevimba gumu anajaribu kutapika hakitoki kitu, au fizi zimekuwa nyeupe, au ameanguka hainuki, usiandike daftari wala usije huku, kimbia hospitali saa hiyohiyo.

mama_tausi

Asante mzee wangu. Nimemwangalia kwa makini. Anatapika kweli, tumbo linasukuma kabisa. Mara nyingi ni alfajiri kabla hajala.

Kinyesi sasa, nilikuwa nasema tu "anaharisha" kumbe kuna mengi. Siku nzuri kinaanza kigumu halafu mwishoni kinatoka kitu kama kamasi nyeupe. Siku mbaya anaomba kutoka nje kila saa, anachuchumaa muda mrefu, kinatoka kijiko kimoja chenye ute na juu yake vidoa vyekundu. Cheusi sijawahi kuona. Lakini pia anakonda, sasa hapo ni utumbo upi?

Kuhusu matukio, mara mbili kati ya hizi amezidiwa baada ya kurudi kutoka sehemu ninapomwacha nikisafiri. Nilidhani ni huzuni.

pua_baridi

mi niongelee upande wa chakula maana dume langu ilikuwa chakula kweli, lakini sio kwa njia anayosema Shani. ngano inalaumiwa sana kuliko inavyostahili, vitu vinavyoripotiwa zaidi kwa mbwa wenye mzio wa chakula ni nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku, halafu ndio ngano, kwa hiyo ukimhamishia "nyama tupu" unaweza kuwa umemwongezea kilekile kinachomuumiza.

na kubadilisha pakiti sio kipimo dada angu. ukitoka kwenye pakiti ya kuku ukaenda ya samaki geuza nyuma usome, utakuta mafuta ya kuku, unga wa kuku, mayai. kipimo cha kweli ni chakula chenye protini iliyovunjwavunjwa mpaka mwili hauitambui, au protini ambayo huyo mbwa hajawahi kula maishani mwake, na unampa hicho TU. tu maana yake tu. hakuna kipande cha mkate kutoka mezani, hakuna mfupa wa kutafuna, hakuna dawa ya kupe yenye ladha ya nyama, hakuna dawa ya meno yenye ladha, na yule mtoto anayeangusha biskuti chini ya meza anakula chumba kingine. kwa tumbo ukikomaa hivyo wiki mbili kwa kawaida unaanza kuona tofauti, ngozi ndio inataka wiki nane. akipona unamrudishia chakula cha zamani kwa makusudi, akiumwa tena ndio umethibitisha, ukiruka hatua hiyo hujui kama ni chakula au ilikuwa bahati tu.

wengi wenye tumbo la muda mrefu, wiki tatu na kuendelea, wanaangukia kundi hili la chakula, kwa hiyo sio wazo baya. ILA huyu wa kwako kinachonitatiza ni hiyo dripu. mbwa mwenye mzio hafufuki kwa dripu.

kaka_kliniki

Nafanya kazi ya usaidizi kwenye kliniki ya wanyama, sio dokta, kwa hiyo chukua haya upeleke kwa dokta wako muyajadili.

pua_baridi amegusa penyewe. Mbwa anayelegea mpaka anatetemeka, anafufuka kwa maji ya mshipani na sindano, halafu anarudi kuumwa, huyo hatumwiti tumbo jepesi mpaka tuondoe kitu kimoja kwanza. Una karatasi ya majibu ya damu? Iangalie wewe mwenyewe, usiishie kwenye neno "safi". Nitajie sodiamu na potasiamu ziko ngapi, na kwenye seli nyeupe nitajie eosinofili na limfosaiti. Halafu uliza hizo sindano mbili ni za nini, majina.

mama_tausi

Nimeitoa karatasi hapa. Sodiamu na potasiamu HAZIPO, nimesoma juu mpaka chini mara tatu, kuna ini, figo, sukari, protini basi. Albumini, ile protini ya damu, wameandika iko chini kidogo. Eosinofili ina alama ya mshale wa juu, limfosaiti kawaida.

Sindano nimempigia dokta, moja ni ya kuzuia kutapika, nyingine ni deksamethasone, anasema ni steroidi. Ya mwisho kuchomwa imeshapita zaidi ya mwezi, hii safari ya karibuni aliwekewa dripu tu na ya kutapika.

kaka_kliniki

Haya. Kwa hiyo vipimo sio kwamba viko safi, ni kwamba chenyewe hakijapimwa.

Ninachokiwaza ni ugonjwa wa Addison. Juu ya figo kuna tezi mbili ndogo, adrenali, zinatoa kortisoli inayomsaidia mbwa kuhimili misukosuko, na aldosteroni inayoambia figo zishike sodiamu na zitupe potasiamu. Tezi zikiharibika, mara nyingi kinga ya mwili yenyewe ndio inazishambulia, sodiamu inakimbia na maji, potasiamu inarundikana kwenye damu, na mbwa anatapika, anaharisha, analegea, anakonda. Siku hakuna msukosuko anaonekana mzima. Ukimwacha sehemu ngeni, anazidiwa. Ukimwekea dripu umemrudishia maji na chumvi, na ukimchoma deksamethasone umemrudishia kwa muda homoni aliyoikosa, kwa hiyo lazima afufuke. Wanaopata zaidi ni majike, vijana mpaka wa umri wa kati. Sasa soma tena post yako ya kwanza.

Eosinofili nayo, mbwa anayeumwa kawaida inashuka kwa sababu kortisoli inapanda. Ya Tausi imepanda. Inaweza kuwa Addison, inaweza kuwa mzio, inaweza kuwa vimelea. Haitoshi kuamua lakini inaashiria kitu.

Kesho omba sodiamu na potasiamu zipimwe, ikiwezekana siku anapoumwa kabla hajaguswa na dripu. Tunaangalia uwiano, sodiamu gawanya kwa potasiamu, ukiwa chini ya 27 tunaanza kuwa na wasiwasi. Pamoja na hiyo omba kortisoli ya kawaida ya damu. Ikiwa zaidi ya maikrogramu 2 kwa desilita Addison unaifuta karibu kabisa, ikiwa chini bado haijathibitika, unaenda kwenye kipimo cha ACTH, homoni ya kuamsha tezi. Na la muhimu sana, asichomwe wala kunyweshwa steroidi yoyote kabla ya hapo. Prednisolone inasomeka kwenye mashine kama kortisoli, unapata jibu la uongo. Deksamethasone haisomeki lakini ikirudiwa rudiwa inazilaza tezi, na za kukaa muda mrefu mwilini zinaweza kuvuruga kipimo kwa wiki nyingi. Mwezi umepita, hapo uko salama kwa kiasi.

Usilaze hili. Potasiamu ikipanda sana moyo unapunguza mapigo na unaweza kusimama.

bwana_chuchu

Kabla hamjafika mbali mimi naomba niongeze la kongosho. Wa kwangu alikuwa anakonda hivihivi tukazunguka sana, kumbe kongosho lilikuwa halitoi vimeng'enya vya kusagia chakula. Kipimo chake kinaitwa TLI, damu ya mbwa aliyefunga kula, ikiwa chini ya 2.5 basi ni hiyo. Unachanganya unga wa vimeng'enya kwenye kila mlo na mara nyingi vitamini B12 kwa sindano maana nayo inakuwa imeisha.

kaka_kliniki

bwana_chuchu ni kweli, ila wa kwako nina hakika alikuwa analafua, si ndio? Wa kongosho anakula kama hajawahi kuona chakula, mpaka kinyesi chake mwenyewe, na anatoa mzigo mkubwa uliopauka wenye mafuta. Tausi anagoma kula na anatoa kidogo kidogo chenye ute. Kongosho naliacha kwenye orodha lakini chini.

bwana_chuchu

Kweli kabisa, alikuwa anakula mpaka soksi.

mama_tausi

Nimerudi na majibu mikono inatetemeka. Ameamka vibaya leo nikampeleka hivyohivyo bila dripu. Sodiamu 134, potasiamu 6.1. Nimegawanya mwenyewe kwa simu inakuja kama 22. Dokta amekaa kimya akiangalia karatasi, halafu akasema kaka wa kliniki ana hoja. Amemwekea maji, anataka kumwanzishia dawa za homoni leo leo na kasema ni za maisha. Nalia na kushukuru kwa wakati mmoja, angalau ina jina.

Shani_k

hongera dada umepata jibu!! kumbe sio ngano basi

kaka_kliniki

Dada shusha pumzi kwanza. Maji ni sahihi kabisa, na kama hali yake ni mbaya dokta asisubiri karatasi, deksamethasone anaweza kumpa na kipimo kikafanyika kwa sababu haisomeki kama kortisoli. Lakini kama ameshaamka na moyo unaenda vizuri, usianze dawa za maisha kabla ya kipimo cha ACTH. Wanatoa damu, wanachoma homoni ya kuamsha tezi, saa moja baadaye wanatoa damu tena. Wa Addison namba zote mbili zinabaki chini ya 2, tezi zimelala hata ukizipigia kelele. Mwenye tezi nzima ya pili inapanda juu.

Nasisitiza kwa sababu huo uwiano wa chini una baba wengi. Figo iliyoziba, kibofu kilichopasuka, maji yaliyojaa tumboni, na mmoja ambaye watu wanamsahau, minyoo mjeledi. Nimerudi kusoma alichoandika mama Tausi kumjibu mzee: anachuchumaa muda mrefu, kijiko kimoja, ute, vidoa vyekundu. Huo ni utumbo mpana, na Addison peke yake haielezi vizuri ute na damu mbichi. Minyoo mjeledi inakaa pale utumbo mpana unapoanzia, inachomeka ile sehemu nyembamba ya mbele ndani ya ukuta wa utumbo. Ikiwa mingi mbwa anaharisha, anapoteza chumvi na albumini, anakonda, eosinofili inapanda, na kwa namna fulani sodiamu inashuka na potasiamu inapanda kabisa kama Addison wakati tezi ni nzima.

Sasa jibu haya: dawa yako ya minyoo ina kiungo gani? Na kinyesi kilipimwa vipi, kilipakwa tu kwenye kioo au kilizungushwa kwenye mashine?

mama_tausi

Kasha linasema pyrantel na praziquantel. Kinyesi nakumbuka alichukua kidogo kwa kijiti akapaka kwenye kioo akaangalia palepale. Ilikuwa mara moja.

kaka_kliniki

Basi hajawahi kutibiwa minyoo mjeledi hata siku moja. Pyrantel inashika minyoo ya duara na safura, praziquantel inashika tegu. Mjeledi haziwagusi. Unaweza kumpa kila mwezi na mjeledi wanamwangalia tu. Inayowapata ni fenbendazole, au febantel kwenye zile dawa za mchanganyiko.

Na kile kioo hakimtoi mtu shaka. Mayai ya mjeledi ni mazito, yanataka kinyesi kichanganywe na maji mazito ya zinki salfeti au sukari, kizungushwe kwenye mashine ndipo yaelee. Halafu hayatoki kila siku, na mnyoo mwenyewe unakaa karibu miezi mitatu mwilini kabla ya kuanza kutaga, kwa hiyo mbwa anaweza kuharisha damu na kinyesi kikasoma hamna. Peleka sampuli za siku tatu tofauti. Waombe wapime na jiadia, kimelea kingine cha utumbo, kwa kipimo cha antijeni wakiwa hapohapo, naye ana tabia hiyohiyo ya kujificha.

Fanya vyote viwili, ACTH na kinyesi. Hakuna cha kusubirisha kingine.

mzee_mkia

Mimi nilikuwa nataka kuuliza hiyo sehemu anayoachwa akisafiri, sakafu yake ni saruji au udongo? Na mbwa wengine wanajisaidia hapohapo?

mama_tausi

Udongo mzee, una kivuli cha miti, mbwa kama kumi wanazunguka pamoja. Mimi nilipapendea hicho kivuli.

mzee_mkia

Nilijua. Udongo wenye unyevu na kivuli ndio nyumbani kwa mayai hayo, yanakaa humo miaka. Jua kali na ukavu ndio adui yake.

mama_tausi

Samahani kwa kukaa kimya wakuu, nilikuwa nasubiri majibu yote yakamilike ndio nije.

ACTH: ya kwanza 3.9, ya pili 15.6. Dokta akasema tezi zinafanya kazi kama kawaida, Addison tunaifuta, zile dawa za homoni tukaziacha kwenye kasha. Jiadia hana. Kinyesi sampuli mbili za kwanza hakuna kitu, ya tatu ndio ikatoa. Dokta aliniita niangalie mwenyewe kwenye darubini, mayai ya kahawia yana umbo la limau, kila ncha ina kizibo kidogo kinachong'aa, mazuri hata huwezi kudhani ni ya minyoo.

Amepewa fenbendazole miligramu 50 kwa kila kilo, kwa kilo zake 18 ni 900 kwa siku, siku tatu mfululizo. Kinyesi kilianza kushika umbo kabla hata wiki haijaisha. Tumerudia sodiamu na potasiamu, zote zimerudi ndani ya mstari. Kilo moja imesharudi. Alfajiri ya povu la njano sijaiona tena.

Maswali mawili. Dokta kasema arudie dawa baada ya wiki tatu na tena miezi mitatu, kwa nini kama ameshapona? Na mimi na watoto tuko salama?

kaka_kliniki

Nimefurahi kuliko unavyodhani. Anarudia kwa sababu dawa inaua waliokomaa vizuri kuliko wachanga waliojichimbia ukutani. Wale wachanga watakua, na ndio maana ile ya miezi mitatu wengi wanaipuuza kisha wanasema ugonjwa umerudi. Iandike kwenye kalenda sasa hivi. Baada ya hapo ongea na dokta mbadilishe dawa ya minyoo ya kawaida iwe na kiungo kinachomfikia mjeledi, maana ukirudi kwenye kasha lile la zamani hujamkinga.

Watoto wasikutie hofu, mjeledi wa mbwa sio yule wa binadamu, kumkuta kwa mtu ni nadra sana. Kunawa mikono kunabaki palepale lakini.

Mahangaiko yako yatakuwa uani. Mayai yakitoka leo hayaambukizi leo, yanahitaji wiki kadhaa kwenye udongo kukomaa, kwa hiyo ukiokota kinyesi siku hiyohiyo umeyatoa kabla hayajawa hatari. Yaliyokwishaingia ardhini dawa ya kumwagia haiyafikii. Fyeka majani, punguza kivuli, acha jua lipige, na kona yake ya kujisaidia ihamishie kwenye saruji au kokoto kama unaweza.

mama_tausi

Kokoto zipo, zilibaki za ujenzi. Na kule ninapomwacha nimempigia mwenye pale nikamweleza, kasema atawapima wote, nimemtumia jina la dawa na kipimo cha kuzungusha ili kinyesi wasikipake tu kwenye kioo.

Shani_k

dada naomba na mimi hilo jina la dawa, wangu anatoa kamasi muda tu nikajua ni kawaida yake

mzee_mkia

Shani, dawa baadaye. Kwanza kinyesi, siku tatu tofauti, kwenye mashine.